Kucheua Somo

Chini kabisa ya andalio la somo, baada ya jedwali la hatua za ufundishaji, pana mistari mitatu ambayo mwanachuo wa ualimu huijaza upesi kuliko anavyofuta ubao: Tathmini ya wanafunzi, Tathmini ya mwalimu, Maoni. Nimeisoma mistari hiyo miaka mingi, katika maandiko ya kila aina, na karibu yote ilisema kitu kimoja: "Somo limeeleweka." Aliyetaka kuonekana makini zaidi aliandika kwamba zaidi ya robo tatu ya wanafunzi wameelewa.

Robo hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Ilikuwa Mlali. Nasema Mlali ya Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ambako Ugogo na Ukaguru vinapokezana salamu. Si Mlali ya Mvomero kule Morogoro. Nilikuwa nimeketi dawati la nyuma, darasa la tatu, nikimsimamia kijana aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha. Somo lilikuwa Hisabati, mada sehemu. Akachora keki ubaoni, akaikata mara nne, akauliza robo ni ipi. Kimya. Watoto waliitazama ile keki kwa heshima, kama mgeni wa serikali. Kisha kasichana kamoja karibu nami kakasema bila kunyoosha mkono: "Mwalimu, robo kama ya debe?"

Kijana akasita. Akafuta keki, akachora debe. Kuanzia hapo darasa likawa soko la Kibaigwa: huyu anapima mahindi, yule anabishia kipimo, nusu debe, robo debe, robo tatu, mpaka kengele ikalia.

Jioni nikafungua andalio lake. Tathmini ya mwalimu: "Somo limeeleweka." Maoni: "Zana ziongezwe." Nami, supavaiza mzima, nikaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu nikaondoka.

Njiani kuelekea Pandambili ndipo lilipoanza kunikereketa. Jambo kubwa kuliko yote lililotokea siku ile halikuandikwa popote. Mwanzoni nilimlaumu kijana. Baadaye nikaanza kuyashuku maneno tuliyompa ayajaze.

Tulishike kwanza lile la tathmini. Lina thamani tumboni mwake. Kiarabu kilitupa neno la bei, nasi tukalivalisha suti. Kutathmini ni kutaja bei. Sasa mpeleke mfugaji mnadani na ng'ombe wake, umwambie ataje mwenyewe ubora wa mnyama mbele ya mtu mwenye fedha mkononi. Atasema ana kikohozi? Mwanachuo anayejitathmini mbele ya mtoa maksi hufanya kilekile. Ng'ombe ni mzima. Somo limeeleweka.

Maoni lina damu nyingine. Mfupa wake ni kuona. Ukilivua kilemba lilichovishwa na mikutano, barua kwa mhariri na yale masanduku yenye kufuli ukutani, unabaki na swali la kitoto: uliona nini? Laiti mstari wa tatu ungeuliza hivyo, kijana wangu angekuwa na jibu. Aliona keki haisemi na mtu. Aliona debe likisema. Badala yake aliomba zana ziongezwe, na debe lipo katika kila nyumba ya Mlali.

Wenye mitaala waliliona pengo hili, wakaleta tafakuri. Imeingia rasmi katika andalio, hatua kamili, mara nyingi kwa dakika tano. Silichukii neno hili. Fikra, fikiri, tafakari, tafakuri ni ukoo mmoja, na katika ukoo huo kadiri neno linavyorefuka ndivyo linavyokaa chini. Kufikiri unaweza ukiwa unavuka barabara. Kutafakari kunataka mkeka. Lakini tumelisikia mno katika mawaidha na mafungo, limeshika harufu ya udi na ubani. Mwanachuo akikutana nalo anadhani anadaiwa jambo tukufu. Lililomtokea yeye ni debe, na debe, masikini, haliketi vizuri juu ya tafakuri.

Wapo wanaoona vitabu vya kigeni vikizungumza habari za mwanga unaorudi, wakakimbilia kuakisi. Hapana. Kioo huakisi na hakikumbuki aliyepita. Ukuta wa tembe nao huakisi sauti ya mbwa.

Kuna neno ambalo wazee wetu wa siasa walilipenda: kujisahihisha. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha TANU, Tujisahihishe, akiwataka wanachama wayatazame makosa ya chama chao wenyewe. Kwa mwalimu ni neno la nyumbani. Kila jioni anasahihisha madaftari. Tena lina uzuri uliofichika, maana sahihi na siha ni ndugu wa tumbo moja katika Kiarabu: kilicho sahihi ni kilicho kizima, chenye afya. Kusahihisha kungeweza kuwa kuponya. Tatizo ni kalamu nyekundu. Darasani neno limekwisha kunywea katika vema na kosa, na linadai jibu liwe linajulikana kabla. Robo ya keki ni sahihi. Robo ya debe ni sahihi. Pale Mlali hapakuwa na kosa la kusahihisha, palikuwa na jambo la kujua.

Hata hivyo kijitabu kile kina silabi nisiyotaka tuiache njiani: ji.

Hebu litazame, mlinzi mwenzangu wa lugha, neno kujifunza. Kufunda, kazi ya kungwi kwa mwali, kulizaa vitenzi viwili vya kutendesha, kufunza na kufundisha. Ukitaka kusema habari ya anayepokea elimu huendi kutafuta kitenzi kingine. Unachomeka ji, mtu anakuwa kungwi na mwali kwa wakati mmoja. Sasa sema kwa sauti: kujifunza kufundisha. Mzizi mmoja umekuja mara mbili katika maneno mawili, mara ya kwanza ukimgeukia mwenyewe, mara ya pili ukiwageukia watoto. Nadharia nzima ya malezi ya walimu imo humo, nasi tunaitamka kila siku bila kuisikia. (Na tusidanganyike: mwali hayumo ndani ya mwalimu. Mwalimu alipanda jahazi kutoka Uarabuni.)

Sasa nije kwenye neno ninalolipenda na kuliogopa zaidi: mazoezi.

Chuoni wanayaita BTP, yaani Block Teaching Practice. Chuo kikuu wanaita TP, au fildi. Mzee mmoja pale Mlali alipoambiwa kijana yuko fildi aliuliza ni fildi ya zao gani, na kwa mtu wa Kongwa swali hilo lina historia, nitalirudia. Katika karatasi za ofisi ni mafunzo kwa vitendo, jina linalokiri bila kukusudia kwamba mafunzo mengine yote hayana vitendo. Lakini jina la zamani, mazoezi ya kufundisha, ndilo linalostahili kugeuzwageuzwa mkononi.

Limetoka kwenye kuzoea. Mwanariadha huzoeza miguu, mpiga ngoma huzoeza viganja. Na mazoezi ana ndugu pacha aitwaye mazoea, wanatofautiana silabi ya mwisho tu. Wa kwanza tunamsifu. Wa pili viongozi wetu wanamkemea kila mkutano, kufanya kazi kwa mazoea. Ni mzizi uleule. Wiki ya kwanza mwanachuo anatetemeka mbele ya watoto sabini, chaki inamponyoka. Wiki ya tano hatetemeki. Amezoea. Amejifunza? Lugha haikujibu, imekupa maneno mawili ikakuachia uchague. Aliyezoea sauti yake haisikii tena. Aliyezoea kimya cha dawati la nyuma anakiita nidhamu. Mtu anaweza kuzoea kufundisha vibaya kwa ustadi mkubwa, akastaafu nao.

Kwa hiyo mazoezi yanahitaji kitu kitakachoyazuia yasigeuke mazoea. Kitu hicho ndicho ninachokitafutia jina. Kukiita tathmini au tafakuri ni kumfunga beberu kwa uzi.

Kabla ya jina hilo, nipite kwa haraka kwa wenye majina.

Mwanachuo ni jina safi. Chuo zamani kilikuwa kitabu, na ukiongeza silabi moja, mwanachuoni, unampata mtu aliyebobea katika dini, mwenye kilemba na ndevu. Yaani kati ya kijana wa BTP na shehe pana silabi "ni" peke yake. Mwalimu tarajali, neno la wataalamu, limezaliwa na kutaraji, na lina adabu ya kusubiri. Daktari naye ana mwenzake, daktari tarajali. Kasoro yake ni kwamba watoto hawasubiri. Kwao yule aliyeshika chaki leo ni mwalimu wa leo, na robo wanaitaka leo.

Mtaa nao hutunga istilahi, tena bila posho ya kikao. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, nchi ilipokimbilia elimu ya msingi kwa wote, ikafunza vijana ualimu hukohuko vijijini wakiwa kazini, watu wakaigeuza UPE, kifupisho cha Kiingereza cha elimu hiyo, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Katika miaka ya 2000 waliofunzwa kwa wiki chache wakaitwa vodafasta, kwa mfano wa muda wa maongezi unaoingia kwenye simu kufumba na kufumbua. Ni kejeli kali, na iliwaumiza watu wasiokuwa na kosa. Ila kama istilahi, vodafasta imelenga shabaha kuliko misamiati mingi ya semina: imesema kwamba ualimu si kitu cha kurushwa na kupokelewa. Ile ya UPE sikubaliani nayo. Vijana wale walikuwa na darasa kila siku, na walichonyimwa mara nyingi kilikuwa mtu wa kukaa naye jioni.

Mtu huyo aitwe nani? Supavaiza hushuka kwenye pikipiki. Msimamizi husimama, na akisimama karibu mno hukuzibia mwanga. Mkaguzi hukagua, kama gwaride. Wizara iliposema ukaguzi uwe uthibiti ubora, wengi waliandika udhibiti, wakadhani ni herufi tu. Si herufi. Kudhibiti ni kushika hatamu. Kuthibiti ni kusimama imara. Dh inakukamata, th inakutegemeza, na shule hujua ni ipi iliyoingia getini kwa namna walimu wanavyokimbilia ofisini. Mimi nashikilia mwalimu mlezi. Anayelea hulala nyumba moja na anayelelewa, anajua alichokula.

Na hapo chakula kimeingia chenyewe, sikukiita. Andalio ni neno la jikoni. Kuandaa ni kuandaa meza, mwandazi ni mpishi wa vitafunio, na maandazi unayonywea chai saa nne ni binamu wa andalio lako la somo. Linganisha na azimio la kazi, mkubwa wake, lenye sauti ya Arusha 1967: azimio huapa, andalio hukanda unga. Watoto nao hawakupitwa na ukoo huu, wanameza notisi usiku wa mtihani. Mwanachuo aliyechoka hudesa, hunakili andalio la mwenzake wa mwaka jana, chakula cha jana cha mtu mwingine.

Kongwa inajua andalio lililoandikwa mbali na jiko. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mpango wao mkubwa wa karanga. Mashine ziling'ang'ana na mibuyu, mvua ikawa haba, ardhi ikakauka ikawa sakafu, na mpaka mpango unafutwa mwaka 1951 zilikuwa zimeteketea pauni zipatazo milioni 36. Kulikuwa na azimio, na maandalizi ya kutosha kulisha jeshi. Mstari wa Maoni, kwa maana yake ya zamani ya kuona, ndio uliokosekana. Mgogo aliyeijua ardhi ile alikuwa amekaa dawati la nyuma, hakuulizwa.

Mmarekani Donald Schön, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu watu wanaofikiri kazini, alitenganisha mambo mawili ambayo tafsiri zetu huyavuruga. Kuna kufikiri kunakotokea kazi ikiwa mkononi, na kuna kule kunakokuja kazi ikishalazwa. Kwa la kwanza nimeona tafakuri tendani, tafakuri ndani ya tendo, na nyingine zenye urefu wa treni. Sisi tuna kugutuka. Kijana wangu alipofuta keki hakutafakari, hapakuwa na nafasi, aligutuka. Kitenzi hiki kina mwili, mabega yanashtuka kidogo, na mtu anatoka katika usingizi ambao hakujua amelala. Mgutuko wa mwalimu: nauweka mezani, wenye meza waupime.

Kwa la pili nilikaribia kuchagua kuwazua. Tunasema aliwaza na kuwazua, na lile -ua la mwisho linafanana na la fungua, kunjua, zibua, kana kwamba wazo lililofungwa linafunguliwa tena. Kukosoa nako kunaonekana hivyohivyo, kosa likichomolewa. Ni maneno mazuri, ningeyatia katika akiba. Ila hakuna harufu ya kazi ndani yake. Unaweza kuwaza na kuwazua mwaka mzima juu ya jambo ambalo hujawahi kulifanya.

Neno nililolitaka nililikuta limelala kivulini, nyuma ya shule. Ng'ombe watatu, saa nane mchana, taya zinakwenda polepole. Kucheua.

Wengi wetu tulikutana nalo kwanza katika Mambo ya Walawi, sura ya 11, penye orodha ya wanyama wanaoliwa na wasioliwa, na kwato zao. Mfugaji hakuhitaji sura hiyo. Anajua kwamba ng'ombe akiwa malishoni hula upesi, anakata na kumeza, kwa sababu fisi yupo na jua linakwenda. Baadaye, akishapata kivuli, anakirudisha kinywani kilekile alichokila, anakitafuna upya, safari hii taratibu, na ndipo kinapokuwa maziwa. Nguvu haitoki kwenye nyasi mpya. Na ukimswaga mchana kutwa bila kumpumzisha, hacheui. Tena ng'ombe aliyeacha kucheua mchungaji humwendea mapema, huyo ni mgonjwa, hata kama amesimama wima na tumbo limejaa.

Hebu lipitishe kwa mwanachuo. Asubuhi ni malishoni: vipindi vinne, watoto sabini, kengele. Anameza kila kinachotokea, na hana namna nyingine. Kucheua somo ni kulirudisha jioni lilelile, na mabaki yake yote, kasichana, kimya, keki, na kulitafuna mpaka litoe kitu. Halidai bei kama tathmini. Halidai ubani. Halidai kosa. Linadai jambo moja tu, uwe umekula. Huwezi kucheua alichokula mwenzako, kwa hiyo anayedesa amekwisha kujifungia mlango. Ndiyo maana halihitaji hata ile ji niliyoisifu. Imo ndani, katika tumbo lenye vyumba vinne.

Nimepingwa. Mwenzangu mmoja wa pwani alikunja uso: kwao kucheua ni pale hewa inapompanda mtu aliyeshiba, au mtoto mchanga anaporudisha maziwa begani mwa mama. Nikamjibu kwamba hewa ina neno lake, kubeua, tulilipe haki yake na yeye asiliibe la ng'ombe. Kuhusu mtoto mchanga nilikubali yaishe. Mwingine akasema si neno la heshima kwa wasomi. Hilo silo pingamizi, ni sifa. Neno lenye heshima nyingi tayari tunalo, na limetuletea "Somo limeeleweka" kwa miaka yote hii.

Ngeli haina shida: mcheuo, micheuo. Daftari la micheuo. Mwalimu mlezi anamwuliza tarajali wake jioni, "Umecheua nini leo, mwanangu?" Wenye shajara la darasa waendelee nalo, ni jina zuri pia, maana shajara kwa Kiarabu ni mti, na mti hutoa kivuli.

Niliporudi Mlali sikumfutia kijana ile vema. Ilikuwa kosa langu, nikaiacha ibaki kumbukumbu. Nilimwomba aiache mistari yake mitatu kama inavyotakiwa, mgeni mwingine asije akamsumbua, ila chini yake apige wa nne kwa rula, aandike mcheuo wa lile somo la robo. Alikwenda kuketi kwenye ngazi ya darasa. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Daftari liliporudi lilikuwa na mistari miwili:

"Lile andalio nililidesa. Keki mimi mwenyewe nilikula mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu, nyumbani tulikuwa tunapima kwa debe. Kwa nini nilichora keki?"

Nilitoa kalamu nyekundu, nikatafuta pa kuweka alama, nikairudisha mfukoni.